Gari Lililoacha Kulia Kwenye Kona

"Zima injini, mama. Sasa zungusha usukani kushoto."

Mwanaheri akazungusha. Nyiiii!

"Umesikia? Injini imezimwa na bado linalia. Basi si mkanda wa injini." Fundi Nsengimana alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Rudia taratibu, nimeshika kwa mkono... Ego, ndiyo yenyewe! Ni boljointi ya kushoto. Inatetemeka kama mwenye homa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kiungo cha tairi, kama goti lako. Mpira umepasuka, vumbi limeingia, grisi imekwisha. Ikichomoka mkiwa kwenye kona, mmekwisha. Mumeo nilimwambia tangu mwezi wa tatu."

"Ulimwambia?"

"Mara mbili. Akacheka. Akasema, 'Liache lilie, fundi, ndiyo honi yangu.'"

Mwanaheri akachungulia chini ya gari. Nyumbani mumewe, Saady, alikuwa akimwambia kwamba fundi hana kifaa.

"Kifaa kipo?"

"Kipo duka hilo hapo, siku zote."

"Weka kipya."

Saady, waliyeoana miaka kumi na miwili iliyopita, alikuwa muuza vitenge hapa Kasulu. Kila Jumatatu na Alhamisi alipakia mzigo kwenda soko la Kibondo. Siku hiyo alikuwa amekwenda Kigoma kwa basi, na Mwanaheri alitaka tu kumfurahisha.

Jioni Saady akawasha gari, akaligeuza uani, akakanyaga breki ghafla.

"Mama Shamsi! Nani amegusa gari langu?"

"Nimelipeleka kwa Nsengimana. Halilii tena. Hata asante hakuna?"

"Nani alikutuma?"

"Siku hizi mke anatumwa?"

"Ungeniuliza kwanza!" Akaingia ndani, akabamiza mlango.

Mtu gani anakasirika gari lake likipona? Swali hilo likamkaa Mwanaheri kooni kama mwiba wa samaki. Alfajiri ya Alhamisi alikaa sana juu ya mswala. "Ya Rabi, kama namdhania vibaya, nisamehe. Kama simdhanii vibaya, nionyeshe."

Saady alipotoka na vitenge vyake, alimkuta mkewe kiti cha mbele, mkanda ameshafunga.

"Unakwenda wapi?"

"Kibondo. Nataka asali."

"Nitakuletea."

"Umesema hivyo tangu Ramadhani. Twende, baba Shamsi, wateja wanakusubiri."

Walipoingia Kibondo, kabla ya sokoni, kulikuwa na kona yenye nyumba ya geti la bluu. Akaikata taratibu, macho mbele, kama anayefanya mtihani wa leseni.

Wakaegesha sokoni. Simu ya Saady, ambayo huiunganisha na redio ya gari, ikaita. Kwenye kioo cha redio: FUNDI KIBONDO.

"Pokea," Mwanaheri akasema.

"Nitampigia baadaye."

"Fundi anakimbiwa?" Akabonyeza mwenyewe.

Sauti ya mwanamke ikajaa gari zima. "Habibi, uko wapi? Pilau linapoa! Nimekaa hapa nyuma ya geti nisikie gari likilia kwenye kona nikufungulie, wala sijasikia kitu."

Saady akanyoosha mkono azime. Mwanaheri akaupiga ule mkono.

"Limepona, dada. Nimelibadilishia boljointi."

"Nani mwenzangu?"

"Mwanaheri. Mke wa Saady."

"Mwanaheri wa Kasulu?"

"Ndiye."

"Lakini wewe ulifariki!"

Mwanaheri alimtazama mumewe. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Geuza gari," akamwambia.

Yule mwanamke wa simu, Adija jina lake, alikuwa amesimama nje ya geti la bluu, ameshika simu, machozi tayari. Alimwendea Mwanaheri moja kwa moja, akamgusa mkono.

"Una joto," akanong'ona. "Aliniambia ulifariki kwa uzazi, miaka mitatu sasa. Posa yake imepokelewa, ndoa Ijumaa ijayo. Dada, mimi nakusomea Yasin kila Alhamisi. Hata leo asubuhi nimekusomea."

Mwanaheri akageuka. "Arobaini yangu uliifanyia wapi, baba Shamsi? Nani alipika?"

"Mke wangu, dini inaniruhusu..."

"Inakuruhusu kuoa. Hii ya kuniua umeisoma chuo gani?"

"Nilijua Adija hatakubali kuwa wa pili."

"Ndiyo ukanifanya wa kwanza kwa kumzika mwenzangu?" Adija akafoka. "Ndoa hakuna! Wajomba nawapigia sasa hivi. Na pilau langu usiliguse!"

Saady akamshika Mwanaheri kiwiko. "Twende nyumbani tuzungumze. Nakuomba."

"Nyumbani kwa nani? Wewe ni mgane." Akajitoa, akachomoa funguo mkononi mwake. "Jumatatu njoo kwa shehe, mbele ya kaka zangu. Uje ueleze nilikufaje. Ukimaliza, utaniandikia talaka yangu. Haya, shusha vitenge vyako."

Alishusha kimoja kimoja, majirani wakitazama kutoka barazani, mpaka vikawa lundo kwenye vumbi.

Mwanaheri akawasha gari. Adija akaja dirishani.

"Dada, nisamehe. Wallahi sikujua."

"Huna kosa. Muda wote huu wewe ndiye uliyenitaja mbele ya Mungu kwa moyo safi." Mwanaheri akamshika vidole. "Usiache kuniombea."

"Kweli niendelee?"

"Endelea, mdogo wangu. Ila sasa niombee kama mtu aliye hai. Ndiyo kwanza naanza."