Kufuli la Emil

Verna Hudak alikuwa akipitisha shuka la tatu kwenye mashine ya kukamulia nguo wakati jirani yake Bernice alipoingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya pikiniki ya shule, na watoto wake watatu walikuwa kwenye bustani ya michezo.

"Mama Marlene, zima mashine," Bernice alisema. "Nyumbu amekataa kusimama. Tessie yumo ndani."

Nyumbu ni jina ambalo mji ule wa wafua chuma uliipa treni ya mbao ya bustani ile ya michezo, inayovutwa kwa mnyororo hadi kileleni kisha inaachiwa iporomoke, watu wakipiga mayowe kwa raha. Emil, mume wa Verna, alikuwa fundi wake; kila asubuhi aliikagua reli yake kwa miguu, nyundo mkononi, akigonga boliti moja moja. Kabla ya kupanda relini alifunga swichi ya umeme kwa kufuli lake mwenyewe, treni isiweze kuwashwa. Kwa watu wa kazi ile, kufuli la mwenzako huligusi hata mbingu zianguke. Aliyefunga ndiye afunguaye.

Mwaka uliopita meneja Thurlow alichoka kungoja. Alilikata kufuli, akawasha treni. Emil alikuwa bado juu.

Wachunguzi waliandika kuwa ni ajali. Thurlow akaja matangani na paja la nguruwe la kuokwa. Verna alilipokea kwa mikono miwili, akamtupia mbwa huku mleta akitazama.

Njiani Bernice alimweleza yaliyobaki. Verna alikuwa amewakataza watoto wake kuipanda, lakini Thurlow alimchagua Tessie, wa miaka sita, mbele ya mpiga picha wa gazeti, akamketisha kando yake kiti cha mbele ili watu waone kuwa hakuna kinyongo.

Walipofika, mshika breki alikuwa amening'inia kwenye mtaimbo wa breki kwa uzito wake wote. Treni ikapita kituoni kama upepo. Ikapanda tena. Ikashuka. Ikapita.

Hakuna mtoto aliyelia ndani yake. Hilo ndilo lililomtia Verna baridi.

Mara ya tatu alimwona Thurlow. Uso wake ulikuwa wa kijivu, macho yake yameganda mahali patupu mbele ya magoti yake.

"Verna, mwambie aniachie!"

Watu wakamgeukia Verna. Alikuwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Mnyororo ulianza kuivuta treni juu. Tak. Tak. Tak.

"Emil," alisema kwa sauti ya chini. "Nirudishie Tessie. Huyo mwingine fanya utakavyo."

Treni ilizama nyuma ya nguzo nyeupe. Kimya. Kisha ikatokea, polepole, ikasimama yenyewe kituoni.

Tessie alichomoka chini ya chuma cha kuzuia abiria. Nafasi ya kando yake ilikuwa tupu. Kwenye kile chuma lilikuwa limefungwa kufuli la shaba, zima, lenye herufi E.H. Verna mwenyewe ndiye aliyevitia vipande vyake viwili ndani ya jeneza la Emil.

Polisi walipekua chini ya reli mpaka jioni. Hawakupata hata kifungo cha shati.

Afisa mmoja alimuuliza Verna kama alikuwa na neno la kusema. Akamjibu kwamba ana watoto wa kulisha.

Nyumbani akapakua supu ya kabichi. Tessie alikuwa akijikunakuna, kwa hiyo akamvua gauni. Gauni lilikuwa safi. Chini yake, juu ya kila bega la mtoto, palikuwa na alama ya kiganja kipana cha mtu mzima, nyeusi kwa grisi.

Verna alisugua kwa sabuni. Akasugua kwa mafuta ya taa. Hazikutoka.

"Alinishika nisianguke," Tessie alisema.

"Na Bwana Thurlow je?"

"Alikuwa na mikono miwili tu, Mama."

Verna alimvika gauni lake, akahesabu vichwa. Marlene. Eugene. Tessie. Wote wapo.

"Kuleni," alisema. "Inapoa."