Maji kwenye Kona ya Tangi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sisimizi aliteka maji bombani na kuyaleta jikoni kwa ndoo iliyojaa pomoni. Alitembea upesi, lakini kila alipofika kwenye pembe ya nyumba alikunja taratibu, maji yakainama upande mmoja bila kumwagika. Mama yake alidhani mtoto ana bidii ya kazi tu. Kumbe mwenzetu alikuwa akijifunza kuendesha gari.

Sisimizi, aliyeitwa hivyo kwa udogo wa mwili wake, alikuwa mwanafunzi kwenye uwanja wa vigari vya mashindano, vile vifupi visivyo na paa. Alijifunza pamoja na kaka yake, mtoto wa mama mdogo, ambaye alilelewa naye nyumba moja na kula naye sahani moja. Kaka huyo alijiita Bingwa. Hakuna aliyempa jina hilo, ila alilitaja mara nyingi mno hata watu wakachoka kubisha.

Mwalimu wao alikuwa mama mmoja aliyeshindana miaka mingi, nao walimwita Mama Breki kwa kuwa kila somo lake lilianzia hapo. Alifundisha kwamba tairi haliiachi barabara bila kuaga. Usukani huwa mwepesi mkononi, mlio wa tairi hubadilika, na kiuno kitini hupata habari kabla ya macho.

"Mkia wa gari ukianza kukimbia, geuza usukani upande ule ule unakokimbilia, kwa upole," alisema. "Usikanyage breki kwa hofu. Na kingine?"

"Neno la njia!" waliitikia wote.

Hiyo ilikuwa desturi ya uwanja. Anayetoka njiani humwinamia anayeingia na kumwambia ukweli: wapi pakavu, wapi panateleza. Mama Breki mwenyewe hakumtajia mtu hali ya njia. Hata maji ya tangi la kando ya njia yakimwagika, aliyaacha makusudi ili wajifunze kuambizana.

Jumamosi moja alitafutwa dereva mmoja wa kuuwakilisha uwanja kwenye mashindano makubwa. Waliobaki baada ya mchujo walikuwa Sisimizi na Bingwa. Kila mmoja angeendesha mara mbili, gari lile lile, na muda wake ungejumlishwa. Sisimizi aliitaka nafasi hiyo hata chakula kilikuwa hakishuki.

Bingwa alitangulia, akarudi akitabasamu. Alimwachia dada yake kiti, kisha akamwinamia.

"Vipi kona ya tangi?" Sisimizi aliuliza. Kona hiyo ilijificha nyuma ya tangi la maji, haikuonekana kutoka pale.

"Pakavu kama mkate wa jana. Ingia mzima mzima, dada yangu."

Sisimizi aliingia mzima mzima. Mara usukani ukawa mwepesi. Kiuno kilimwambia panateleza, lakini moyo ukajibu, "Haiwezekani, kaka kasema pakavu." Ubishi huo ulimchelewesha. Mkia ulichomoka, gari likazunguka na kusimama likitazama lilikotoka, katikati ya dimbwi. Alama mbichi za tairi zilitoka dimbwini kuelekea mbele, bila kuyumba. Bingwa alikuwa amepita papo hapo, tena polepole.

Alimaliza mzunguko akilia ndani ya kofia ngumu. Muda alioupoteza haukumuuma kama lile neno "dada yangu". Alishawasikia wakubwa wakisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hakujua kuwa kinauma namna hii.

"Pole, labda pamelowa baada yangu," alisema Bingwa, akijifanya anafunga kamba za viatu. Sisimizi alimpita. Alitaka kumwambia Mama Breki, lakini aliona haya kumshtaki kaka yake.

Mara ya pili zamu ziligeuzwa, akaanza Sisimizi. Safari hii alikisikiliza kiuno chake. Jua lilikuwa limekausha kona ya tangi, na maji yalikuwa yameteremka hadi kona ya mwisho. Hapo mkia ulianza kukimbia. Akaufuata kwa mikono milaini, akapunguza mafuta kidogo kidogo, gari likatulia. Mama Breki alipiga makofi, naye hakuwa mtu wa makofi.

Sasa ilikuwa zamu ya Sisimizi kutoa neno, na ulimi ulimwasha. Uongo mmoja tu, kisasi kimelipwa! Lakini aliwaza kaka yake akigonga ukuta wa matairi, akaona heri ashindwe.

"Kwenye tangi pamekauka," alisema bila kumtazama. "Maji yako kona ya mwisho. Punguza mapema."

Bingwa alicheka puani. Kwenye tangi alitambaa kama konokono. Kwenye kona ya mwisho akaingia mbio, akashtuka, akakanyaga breki. Gari lilizunguka, likajibamiza kwenye matairi, injini ikazima.

Sisimizi ndiye aliyefika kwanza. "Umeumia? Si nilikwambia upunguze!"

"Sijaumia. Nilidhani unanilipizia," Bingwa alijikwaa ulimi.

Mama Breki alikuwa nyuma yao. "Akulipizie nini?"

Bingwa aliinama, akasema yote. "Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe," alijibu Sisimizi, "ila si leo. Leo bado inaniuma."

Mama Breki alimshika Sisimizi bega. "Wewe ndiye utakayetuwakilisha. Na wewe, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Yako haikufika hata mstari wa mwisho. Mwenzako alikupa ukweli ukaukataa, maana ulimpima kwa kipimo chako. Tairi likiteleza, mkono mpole hulirudisha mara moja. Ukipoteza imani ya mtu, itakuchukua muda mrefu kuirudisha. Anza sasa."

Kesho yake asubuhi, Bingwa alisimama kwenye pembe ya nyumba.

"Maji yamenimwagikia hapa, panateleza. Pita huku."

Sisimizi alitua ndoo, akapajaribu kwanza kwa kidole cha mguu. Kweli, palikuwa panateleza.