Kilio cha Tanurini

Vikombe vilitoka tanurini vikiwa vimelowa.

Maimunah alivifuta kwa kanga kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akavipanga juani nyuma ya nyumba yao pale Nakawa. Glezi, ule mng'ao wa kupaka juu ya udongo, ilikuwa imekubali kuliko siku zote. Ule uji wa majivu na unga wa chupa aliokuwa akiujaribu kwa miaka mitatu ulikuwa umegeuka kioo cha kijani, laini, bila doa. Lakini alipovitazama tena, vikombe vilikuwa vimelowa kwa ndani. Alichovya kidole, akaonja. Chumvi.

Hakumwambia mumewe. Wahabi alikuwa dereva wa lori, na tangu waliporudi nyumbani kutoka ukimbizini Sudan, vita vilipokwisha mwaka themanini na sita, hakuwahi kuelewa kwa nini mke wake, karani wa ofisi, ajichafue kwa udongo kila Jumamosi. "Vikombe vya plastiki si vimejaa sokoni?" angesema. Maimunah alijua tu kwamba udongo ukipanda kati ya viganja vyake, moyo unatulia.

Jumamosi alipovichoma vikombe vile alikuwa na haraka. Mvua ilikuwa imenyesha miezi miwili, tanuri limekaa baridi, na wingu jingine lilikuwa linakuja. Alipanga vikombe, akasukuma kuni, akawasha. Hakumulika ndani kabisa. Hakusema bismillahi. Kufika alasiri, Nabwire, jirani yao Mkenya, alichungulia juu ya ukuta.

"Mama Sumayiya, mtoto gani huyo analia hivyo?"

"Ni unyevu tu unatoka kwenye udongo, dada."

Lakini naye alikuwa amesikia. Glezi ilikuwa karibu kuyeyuka, na moto ukishuka wakati huo kazi yote inaharibika. Akaongeza kuni.

Jumatatu binti yao wa miaka sita, Sumayiya, aliamka na homa. Hospitali walimpima damu, wakasema ni safi, wakampa vidonge. Jumanne nyumba nzima ilinuka maziwa yaliyoungua, ingawa jiko lilikuwa halijawashwa. Jumatano mchana Maimunah aliweka kitambaa chenye maji kwenye paji la uso la mtoto, na kabla hajaondoa mkono kikawa kimekauka, kikaanza kutoa mvuke, na midomo ya Sumayiya ikapasuka kama tope la kiangazi, na kutoka kwenye midomo ile midogo ikaja sauti ya mwanamke mzima, taratibu, bila hasira, ikisema, "Ongeza kuni, Maimunah. Bado kidogo."

Wahabi alitoka mbio bila viatu. Alirudi na haboba Rukiah, bibi wa Kinubi ambaye mtaa mzima ulimwita mambo ya namna hii yakitokea. Bibi aliwasha udi, akaanza kusoma. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni, ukatoka mlangoni, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye tanuri. Rukiah akaacha kusoma.

"Jini huyu hakuja kucheza," alinong'ona. "Huyu amefiwa."

"Nilimwacha amelala," ilisema sauti ile kinywani mwa Sumayiya. "Mvua ilikuwa nyingi, tukapata nyumba kavu. Nilikwenda kumtafutia chakula, na niliporudi mlango ulikuwa moto mtupu, naye ndani ananiita. Maimunah, ulimsikia?"

Wahabi alimgeukia mkewe. Maimunah alitamani kusema hapana.

"Nilimsikia," alisema.

"Mtoe, haboba!" Wahabi alisihi. "Mtoe, nakuomba!"

"Naweza kumtoa, mwanangu. Atatoka na roho ya mtoto mkononi."

Maimunah alipiga magoti, akashika miguu ya binti yake, na ngozi ya viganja vyake ikaungua, asiachie. "Nichukue mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewasha."

"Wewe wa nini kwangu? Sikufiwa na mama, mimi."

Sumayiya alivuta pumzi, ikakwama. Wakangoja nyingine. Haikuja. Wahabi alianza kutamka shahada sikioni mwa mtoto, na Maimunah, ambaye hakuwa na kitu tena cha kutoa, wala machozi, wala maneno ya dua, alisikia kinywa chake mwenyewe kikisema jambo ambalo hakuwa amelifikiri.

"Basi tumlee wawili."

Rukiah alimshika bega kwa nguvu. "Maimunah! Unajua unachosema?"

"Tumlee wawili. Mimi na wewe. Huyu huyu awe mtoto wako na wangu."

Kisha mtoto akakohoa, akaomba maji, kwa sauti yake.

Tanuri halijawashwa tena. Wahabi alitaka kulibomoa, haboba Rukiah akamkataza. Sumayiya sasa ana miaka kumi na mitatu, mzima, anaongoza darasani. Kila Ijumaa baada ya alasiri huenda kukaa peke yake mlangoni pa tanuri, na akirudi nywele zake zimesukwa mistari myembamba kama uzi, msuko ambao hakuna mwanamke wa Nakawa anayeujua.

Wiki iliyopita Maimunah alimwita kutoka jikoni.

"Labeka, mama!" Sumayiya aliitikia kwa furaha, akainuka, akampita Maimunah mlangoni mwa jiko bila kumtazama, akaelekea tanurini.