Jovitha Alipobadilisha Tarehe ya Kuanzia

— Mimi na Jovitha hatuachani leo wala kesho, — Laurian alisema, akimsogezea Maduhu simu mpaka puani. — Huyo nimeshampima. Grafu yake haishuki.

Maduhu, mwenye duka la dawa za mifugo pale Biharamulo mjini, aliitazama simu kama anavyotazama ng'ombe aliyeletwa akiwa ameshachelewa. Kwenye kioo palikuwa na mstari wa kijani unaopanda. Haukuwa wa Jovitha. Ulikuwa wa mfuko wa uwekezaji.

Hapo tuelewane. Laurian na mchumba wake Jovitha, fundi cherehani wa Bukiriro kule Ngara, walikuwa wakinunua vipande vya mifuko ya uwekezaji kwa ajili ya harusi yao. Laurian alichukua mfuko wa hisa, unaopanda kama mbuzi na kushuka kama mbuzi aliyeona chui. Jovitha akachukua wa hatifungani, mwendo wa kobe. Kila mwisho wa mwezi walipigiana simu kuishindanisha, na aliyeshindwa alimwimbia mwenzake wimbo wa kwaya, beti zote, bila kuruka. Tangu waanze, mwimbaji alikuwa Jovitha tu.

Siri ya ushindi ilikuwa ndogo. Mfuko wa Laurian ukifanya vizuri wiki hiyo, alimtumia Jovitha picha ya grafu ya wiki. Wiki ikiharibika, alituma ya mwaka. Mwaka nao ukiyumba, alitafuta siku ambayo mfuko ulikuwa umelala chini kabisa, akaanzia hapo. Ukianzia shimoni, hata kichuguu ni mlima.

Simu ikaita mkononi mwake. Jovitha. Kwa mbwembwe Laurian akaweka sauti ya nje, Maduhu asikie anavyopendwa.

— Leo nimeangalia mifuko yetu, — Jovitha alisema. — Yote miwili nimeianzisha siku moja, ile tuliyonunua. Miaka mitatu.

Laurian alicheka, akasema miaka mitatu ni historia, wenye akili wanaangalia miezi sita.

— Wangu umekupita. Lakini sikukupigia kwa hilo. Nimefanya hivyo hivyo na Happy.

Maduhu akaacha kutafuna karanga.

Happy alikuwa muuza vitenge wa Nyamahanga, wilaya ile ile ya Biharamulo, mwenye mdomo mtamu na senene, wale panzi wa kukaanga. Laurian alimwambia yuko peke yake tangu Pasaka. Na ni kweli, Pasaka aligombana na Jovitha wakanuniana wiki nzima. Happy hakuambiwa kwamba wiki iliisha. Jovitha naye hakuambiwa kwamba kuna Happy. Kila mmoja alipewa hadithi inayoanzia pale palipomfaa Laurian. Bahati mbaya, au nzuri, inategemea wewe ni nani, vitambaa vya Jovitha vilikuwa vinatoka kwa Happy. Na Happy aliiona picha ya Laurian kwenye status ya mteja wake huyo.

— Tumekaa kwenye simu mimi na yeye, — Jovitha aliendelea, sauti imetulia kuliko ilivyotakiwa. — Tukaanza Januari, mwezi kwa mwezi. Siku uliyoniambia uko msibani, alikuwa anakukaangia senene. Siku uliyomwambia yeye unaumwa, ulikuwa kwetu, unakula.

— Jovitha, mpenzi wangu, hebu...

Simu ilikuwa imekatwa. Maduhu alichukua karanga zake akahamia upande wa pili wa kaunta, kama vile balaa linaambukiza.

Jioni Laurian aliandika: "Nakuja kesho. Nisikilize kidogo tu."

Jibu likaja: "Barabara ni ya serikali."

Kesho yake alipanda gari mpaka Ngara, akaunga bodaboda hadi Bukiriro. Mvua ilikuwa imenyesha. Uani kwa akina Jovitha watu walikuwa wamezunguka chungu cha pombe ya ndizi, mirija imesimama ndani yake. Nyumba ile ina taratibu zake: mtu wao hupewa mrija, mgeni hupewa chupa. Miaka yote Laurian alikuwa akipewa mrija, halafu akitoka anasema pembeni kwamba hataki mate ya watu. Siku hiyo shangazi Eustakia aliipokea shikamoo yake, akajibu marahaba, akamtuma Suzana alete soda. Suzana ni mdogo wake Jovitha, ameolewa kule Biharamulo anakoishi Laurian, na alikuwa amekuja kusalimia. Soda ikaletwa na kizibo chake, na glasi iliyofutwa ikang'aa. Laurian, ambaye baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga na maana ya mrija hakuijua, akadhani amepandishwa cheo.

Jovitha alitoka ndani na tepe ya kupimia shingoni. Macho yalikuwa mekundu. Hakukaa.

Laurian alimwaga maneno yote aliyokuwa akiyapanga njiani: kwamba Happy ni shetani tu alipita, kwamba namba yake anaifuta hapa hapa mbele yake, kwamba hata zile picha za mifuko zilikuwa utani.

— Za mifuko nilijua, — Jovitha alisema. — Tangu mwezi wa kwanza. Mimi ni fundi, Laurian. Mtu akivuta tumbo ndani nikimpima, naona.

— Sasa mbona ulikuwa unaimba?

— Ulikuwa unafurahi sana ukishinda.

Miaka mitatu ya nyimbo za kwaya ilimrudia Laurian yote kwa pamoja, beti zote, na ile sauti ya Jovitha inayokwaruza kwenye noti za juu, anaimba usiku mkono mmoja ukiwa kwenye cherehani.

— Nipe miezi sita, — alisema. — Miezi sita tu unitazame.

— Miezi sita wewe unajua kuipamba. Mimi nilitaka kuzeeka na wewe.

Alilisema hilo polepole, kama anamtajia mteja vipimo. Ndipo Laurian alipopiga magoti kwenye tope, akashika pindo la kitenge chake, akalia kwa sauti mpaka wale wa kwenye chungu wakaacha mirija. Jovitha naye machozi yalimtoka. Lakini alimtoa vidole kwenye kitenge kimoja kimoja, kama mtu anayechomoa pini kwenye nguo.

— Nenda, Laurian. Na usilete mshenga.

Shangazi Eustakia alimwinua kwa kiwiko, akamsindikiza hadi kwenye bodaboda bila neno.

Jumamosi Laurian alikuwa tena dukani kwa Maduhu, amevaa shati lililopigwa pasi, anasimulia. Eti alipokewa kama mkwe mkubwa: wengine wote wanang'ang'ania mirija, yeye soda na glasi yake. Eti Jovitha alipomwona tu, machozi.

— Mwanamke akilia mbele yako, ujue moyo bado uko kwako, — alisema. — Na mkono alinishika. Mbele ya ukoo mzima, Maduhu. Mbele ya shangazi.

Maduhu alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali, kisha macho yake yakahamia mlangoni. Suzana alikuwa amesimama pale na chupa tupu ya dawa ya kuku, na hakuonekana kama mtu aliyefika sasa hivi.

— Karibu, shemeji, — Laurian alisema.

— Niite Suzana. — Aliiweka chupa juu ya kaunta. — Hapo dada aliposhika mkono wako, endelea. Alikuwa anaushika, au anautoa kwenye nguo yake?