Kete Zilizomfungua Cherehani Mdomo

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wazazi, walezi na umma wote kwamba mimi, msomi wa shule ya bweni, nimegundua njia bora ya kuwafundisha watoto wadogo Kiingereza.

Kusema kweli, sikuigundua mimi. Mimi niligundua njia ya kumfanya mtoto awe bubu. Ile bora tulionyeshwa na jirani. Lakini tangazo lilikuwa limeshapendeza, nikaona vibaya kulifuta.

Nyumba yetu ina cherehani mbili. Moja ni ya Mama, ambaye hushona sare za shule karibu na dirisha. Ya pili ni mdogo wangu wa kike. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Huuliza kwa nini kuku hana meno, kwa nini uzi hukatika, na kwa nini mimi nimerudi likizo.

Lakini kwa Kiingereza, Cherehani alikwama. Alikuwa anamaliza darasa la tatu. Mwalimu mkuu alimwita Mama ofisini.

"Shule ikifunguliwa, nitamwuliza maswali kwa mdomo," alisema. "Akijibu kwa Kiingereza, ataingia la nne na wenzake. Asipojibu, atarudia la tatu."

Mama alirudi nyumbani, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye ndara.

"Si wewe ndiye msomi? Mfundishe mdogo wako."

Nikafundisha kama tunavyofundishwa bwenini. Kwetu huko, anayesema Kiswahili siku ya Kiingereza huvishwa kibao shingoni, na hukivaa mpaka amnase mkosaji mwingine. Nilichukua kigurudumu kitupu cha uzi, nikakitia kamba.

"Ukisema Kiswahili, unavaa hiki," nilitangaza. "Ukikosea Kiingereza, unavaa pia."

"Na wewe ukikosea?"

"Mimi sikosei."

Alikivaa asubuhi, akakivaa mchana, akalala nacho. Kisha akatumia akili. Aliona kuna njia moja tu ya kutokivaa, nayo ni kunyamaza. Akitaka chumvi, alinyoosha kidole. Akitaka maji, aligusa koo. Mama akasimamisha mashine yake.

"Mbona nyumba imepoa hivi?"

"Ni nidhamu, Mama," nikajibu.

Siku hiyo jirani yetu alileta sketi ipunguzwe kiunoni. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule nyingine. Hatuna undugu naye, lakini tunamwita Shangazi. Alimsalimu Cherehani. Cherehani akapunga mkono.

"Leo umemeza nini, mwanangu?"

Mtoto akaonyesha kigurudumu mkononi mwangu.

"Hicho nini?" Shangazi akaniuliza.

"Zana ya kufundishia Kiingereza, Shangazi."

"Haya, mwambie aseme kitu tusikie."

Tulisubiri. Hakikutoka hata kikohozi.

"Zana yako imefanya kazi," alisema Shangazi. "Imemfundisha kunyamaza kwa lugha mbili."

Mama alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Sasa nifanyeje, Mwalimu? Wenzake watapanda, yeye abaki nyuma na wadogo zao." Cherehani alisikia. Akalaza uso wake juu ya rundo la vitambaa.

Shangazi akavuta kiti.

"Mtoto hujifunza lugha kwa kuitumia," alisema. "Akiogopa kukosea, haitumii. Mpeni sababu ya kuongea ambayo si mtihani. Nipeni boksi tupu, kalamu na vifungo."

Alilikata boksi, akalilaza sakafuni. Akachora njia ndefu yenye vyumba, na ndani ya vyumba akachora picha: ndoo, mvua, kitanda, mbuzi, kiatu. Vifungo vya Mama vikawa kete. Dadu tuliichonga kutoka kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, tukatoboa vitone kwa msumari.

"Sheria ni hii," Shangazi akaeleza. "Kete yako ikifika kwenye picha, sema jambo lolote kuhusu picha hiyo kwa Kiingereza. Ukisema, unabaki hapo. Ukinyamaza, unarudi nyuma."

"Na akikosea?" niliuliza, nikiwa nimekishika kigurudumu tayari kwa kazi.

"Asirudi nyuma, na wewe usimkatize. Irudie sentensi yake ikiwa sahihi, kama mtu anayeitikia, mchezo uendelee. Neno likimpotea, aulize kwa Kiswahili, halafu alitumie. Kiswahili si kosa. Ni ngazi ya kupandia."

Kete ya Cherehani iliangukia kwenye mbuzi. Aliutazama mkono wangu wenye kigurudumu. Shangazi akanyoosha wake, akakichukua kigurudumu na kukitia mfukoni.

Cherehani akavuta pumzi. Akasema kwa Kiingereza, taratibu na kwa makosa mengi, kwamba mbuzi anamla kaka yake, yaani mimi.

Shangazi hakumkosoa. Aliirudia sentensi vizuri, kama mtu aliyeshtushwa na habari hiyo, kisha akamwuliza mbuzi ameanzia wapi.

"Kichwani," Cherehani akajibu kwa Kiingereza. "Ndani hakuna kitu."

Kuanzia hapo tulicheza kila jioni. Mama naye alicheza. Hakuwahi kusoma Kiingereza, kwa hiyo Cherehani alimfundisha, na kwa kumfundisha akashika maneno zaidi. Baadaye Shangazi aliongeza sheria: ugomvi wa mchezo nao uwe kwa Kiingereza. Hapo maneno yakamiminika. Kumsifu mtu hutaka maneno machache. Kumlaumu hutaka mengi.

Shule ikafunguliwa. Tuliketi ofisini kwa mwalimu mkuu, Mama katikati. Mwalimu mkuu alimwonyesha Cherehani picha ya soko, akamwuliza anaona nini. Cherehani akanyamaza. Mama alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Mwalimu mkuu akaiweka picha kando. Akamwuliza kwa Kiingereza alifanya nini wakati wa likizo.

"Tulicheza mchezo," Cherehani akajibu, kwa Kiingereza pia.

"Nani alikuwa akishinda?"

Basi hapo mashine ikawaka. Alieleza bila kituo, makosa yakipita na yeye akipita nayo, huku akininyooshea kidole.

"Anasema nini?" Mama akaninong'oneza.

"Anasema mimi ni mwalimu mzuri."

"Mbona anakunyooshea kidole?"

"Ndivyo Waingereza wanavyoshukuru, Mama."

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini.

"Mama, binti yako ataingia darasa la nne," alisema kwa Kiswahili. "Na anasema kaka yake ni mwizi. Yeye akienda kunywa maji, kaka huigeuza dadu."

"Kete yako pia aliirudisha nyuma, Mama," Cherehani akaongeza.

Mama akageuka, akaniangalia. Nilitafuta maneno katika lugha zote ninazozijua.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Niliigeuza, na kete yako niliirudisha. Sikutaka kushindwa na mtoto wa darasa la tatu."

"La nne," akasema Cherehani.