Simu ya Mezani Iliyozima Kamera

Ukumbi wa hoteli ulijaa wageni na masanduku siku fundi wa mtandao alipodondosha waya kutoka juu ya ngazi, ukamwangukia binti wa mapokezi kwenye blauzi yake nyeupe iliyonyooshwa pasi.

"Kaka, unavua samaki huko juu?"

"Nimeshanasa, dada."

Binti akaficha kicheko nyuma ya kompyuta.

Fundi alimweleza kwamba waya ule unapitisha mtandao na umeme pamoja, simu au kamera haihitaji plagi ya ukutani. Baadaye akamwekea simu mezani bila bosi kuagiza, ili wapigiane yeye akiwa chumba cha mitambo. Mchana kutwa ikawa mpenzi huku, mpenzi kule.

Lakini kisanduku kinachozigawia nyaya hizo umeme kina kikomo chake. Simu ilipowaka, kamera ya stoo ya mizigo ilikosa umeme ikazima. Fundi aliona. Akajiambia atarekebisha kesho, maana sauti ya binti ilikuwa tamu mno. Wanangu, kesho ya namna hiyo iogopeni.

Begi la mgeni likaibiwa humo stoo. Meneja akatafuta picha, hakuna. Akamuuliza binti, mwenye ufunguo wa stoo, mbele ya watu ni mwizi gani aliyemtuma azime kamera. Fundi alikuwa palepale, koleo mkononi, akatazama viatu vyake.

Binti akafukuzwa, sare ndani ya mfuko wa plastiki, akapita kwa majirani kichwa chini. Mama yake akashusha mapazia mchana kweupe.

Fundi alipiga simu wee, haikupokelewa. Mwishowe akaenda kwa meneja wafanyakazi wakiwepo, akachomoa waya wa ile simu. Picha ya stoo ikarudi kwenye skrini, wote wakaona. Akasema kosa ni lake.

Binti akaitwa arudi kazini. Fundi naye akaja mlangoni kwao, shati jipya, pete mfukoni, macho chini.

"Nisamehe, mpenzi. Niruhusu nikuoe."

"Meneja umemwambia ukweli, asante. Lakini mimi siku ile sikungoja kitu kwa meneja. Nilikuwa nangoja neno moja kutoka kwako."

"Niliogopa."

"Najua. Na mimi niliogopa, peke yangu."

Machozi yalimtoka binti, maana bado alimpenda. Akafunga mlango taratibu, asije akamuumiza vidole vilivyoshika fremu.