Herufi Kwenye Ukuta wa Kona

Mshonaji alikuwa na masikio mawili kama watu wote, lakini moja lilikuwa la barabara.

Nyumba yao ilikuwa mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka. Hapo barabara ilikata ghafla kwenda kushoto. Dereva asiyeijua kona alikuja moja kwa moja kuelekea ukuta wao. Na nyuma ya ukuta huo, hatua tatu tu, kulikuwa na kitanda cha Bibi, mama wa mume wake.

Kila jioni giza lilipoingia, Mshonaji aliketi kwenye cherehani. Aliposikia gari, aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani kilinyamaza. Alisubiri. Gari lilipokata kona alishusha pumzi, akaanza tena. Wateja walilalamika kwamba mishono yake imekuwa ya kurukaruka.

Hofu yake haikuwa ya bure. Mwezi uliopita pikapu ilipitiliza ikagonga ukuta. Ukuta ulisimama, lakini kikombe cha Bibi kilianguka mezani kikavunjika.

"Mama, hamia chumba cha nyuma," Mshonaji alimsihi.

"Kitanda hiki marehemu mume wangu alikiunda humu humu," Bibi alijibu. "Mlangoni hakipiti. Na choo kiko hapa karibu, mguu wangu huu mnaujua. Sihami kwa sababu ya gari. Gari ndilo lihame."

Mume wa Mshonaji alikuwa mwashi. Watu walimwita Fundi. Ukuta ule wa zege aliumwaga yeye mwenyewe. Ulikuwa mgumu kweli, lakini umejaa vinundu na vitundu. Mkewe alipomwomba aupige lipu, alicheka.

"Lipu ya nini? Ukuta si bibi harusi."

Baada ya ajali ya pikapu, Fundi alinunua karatasi ya riflekta, ile yenye gundi yake nyuma na inayong'aa ikimulikwa na taa za gari. Alikata herufi moja moja kwa mkasi wa mkewe. Asubuhi alichukua ndoo, akaumwagia ukuta maji mengi.

"Unauogesha?" Mshonaji aliuliza.

"Ukuta hunyweshwa kwanza, mke wangu. Usipounywesha, utakunywa maji ya lipu yako yote, na lipu itapasuka. Hii ni kazi yangu ya miaka ishirini."

Kisha akabandika: TAFADHALI DEREVA PUNGUZA MWENDO HAPA NI NYUMBA YA WATU.

Siku ya tatu neno DEREVA lilikuwa chini. Siku ya nne PUNGUZA likabaki PUNGU. Mshonaji aliokota herufi zilizoanguka, akazitia kwenye kopo la vifungo.

Fundi hakukata tamaa. Alinunua gundi ya seremala na kopo la vanishi. Alikata herufi mpya za yale maneno yaliyoanguka. Alizibandika zote kwa gundi, kisha akapaka vanishi juu ya maandishi yote mara mbili, ili zisibanduke tena. Safari hii zilishika. Mchana zilipendeza. Majirani walisimama, wakasoma, wakasifu. Bibi alitoka nje akijikongoja na fimbo yake, akatazama.

"Sasa tutalala," Fundi alisema.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Mshonaji alishona huku moyo umetulia kidogo. Alikuwa amefika kwenye kola ya shati alipolisikia lori. Aliondoa mguu kwenye pedali. Lori halikupunguza mwendo. Lilikuja, likaja, likaja. Mwanga mweupe ukajaa dirisha la Bibi. Breki zikalia. Mshonaji alikimbia chumbani, akamkumbatia mkwewe, akafumba macho.

Kisha kukawa kimya.

Alitoka nje. Lori lilikuwa limesimama hatua moja kutoka ukutani. Dereva aliteremka.

"Samahani sana, mama. Nusura niwaue. Sikuona kitu."

"Na maandishi je?"

"Maandishi gani?"

Fundi alisimama mlangoni.

Asubuhi Mshonaji hakungoja chai. Alikwenda nyumba ya tatu, kwa mwanamke aliyeitwa Mama Vibao. Mama huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya vibao vya barabarani. Fundi alimfuata mkewe nyuma, polepole. Mtu aliyezoea kuulizwa huona tabu kuuliza. Lakini kuuliza si ujinga, na ukuta wake ulikuwa umemshinda.

Mama Vibao alikuja, akausoma ukuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "hii ni barua. Dereva anakuja mbio. Akifika kwenye neno NYUMBA atakuwa yuko ndani ya nyumba."

Mshonaji alicheka.

"Halafu weka kiganja hapa," Mama Vibao aliendelea. "Unasikia hivi vinundu? Herufi imelala juu ya vinundu tu. Chini yake ni hewa. Maji na vumbi huingia humo, gundi inaachia."

"Lakini niliunywesha maji vizuri," Fundi alisema.

"Ndiyo, kwa sababu wewe ni mwashi. Lipu inataka maji. Gundi ya karatasi hii haitaki hata unyevu."

"Ukuta huu ni mkavu sasa."

"Una hakika?"

Mama Vibao aliomba kipande cha nailoni. Alikibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. "Kesho asubuhi tutaona," alisema. Kisha akaomba tochi, na mojawapo ya herufi za kwanza, zile zilizoanguka. Mshonaji alitoa herufi D kwenye kopo la vifungo. Fundi aling'oa kwa kisu herufi moja yenye vanishi.

Waliingia chumbani kwa Bibi. Walifunga dirisha na pazia, chumba kikawa giza. Mama Vibao aliziegemeza herufi mbili juu ya meza.

"Shemeji, shika tochi kando ya jicho lako. Siyo mbali. Kando ya jicho kabisa, kama taa za gari zilivyo karibu na dereva. Mulika."

Herufi D iliwaka nyeupe. Ile yenye vanishi ilikaa gizani, imefifia, kama haipo.

"Haya!" Bibi alisema kutoka kitandani. "Kumbe mlikuwa mmeipofusha."

"Kweli, mama," Mama Vibao alisema. "Karatasi hii imetengenezwa ili mwanga urudi kulekule ulikotoka, mpaka kwenye macho ya dereva. Vanishi inaharibu kazi hiyo. Mchana huwezi kujua. Ndiyo maana ni lazima ujaribu gizani, kwa tochi."

Fundi alizima tochi. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake.

"Mimi nilisema tutalala," alisema kwa sauti ndogo. "Ningemuua mama yangu kwa kazi nzuri."

"Hukuniua," Bibi alijibu. "Amka ukafanye kazi iliyo nzuri kweli."

Kesho yake asubuhi walibandua nailoni. Ndani yake kulikuwa na matone madogo ya maji. Unyevu ulikuwa bado unatoka ndani ya zege. Fundi aliyagusa matone kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Basi nitaupiga lipu laini," alisema.

"Ukiupiga lipu, subiri mwezi mzima ikauke. Kisha uipake rangi ya kuziba, ndipo ubandike. Unao mwezi wa kusubiri?"

Mshonaji alijibu haraka kabla ya mumewe. "Hatuna hata wiki."

"Basi usibandike ukutani kabisa. Bandika kwenye bati la alumini, kisha bati ndilo lifungwe ukutani kwa skrubu."

Kazi ilifanyika siku hiyo hiyo chini ya paa la uani. Waliliosha bati kwa sabuni. Lilipokauka, walilifuta kwa spiriti na kitambaa safi, na hakuna aliyeligusa tena kwa vidole, maana mafuta ya mkono huzuia gundi. Walichagua neno moja: KONA. Chini yake mshale mkubwa wa kuelekea kushoto. Mshonaji ndiye aliyekata. Alizifanya mviringo kidogo ncha za kila herufi, kwa kuwa ncha kali ndiyo huanza kubanduka. Fundi alibandika kutoka upande mmoja kwenda mwingine, akisukuma hewa nje kwa kitambaa. Gundi nyingine hawakutumia. Vanishi hawakuifungua.

Hapo Fundi alirudi kwenye kazi anayoijua. Alikwangua maandishi ya zamani kwa brashi ya waya. Alitoboa zege kwa drili, akafunga bati kwa skrubu sita, mahali ambapo taa za gari humulika. Mchana, bati halijafungwa bado, Mshonaji alikuwa amekwenda ofisi ya barabara kuomba kibao cha kuonya, kiwekwe mbali kabla ya kona. Waliandika ombi lake, wakampa ruhusa ya bati.

Jua lilipozama, Fundi alisimama mbali barabarani, tochi kando ya jicho. Alipiga kelele kutoka huko:

"Naisoma! Naisoma yote!"

Mshonaji aliketi kwenye cherehani. Lori la kwanza lilikuja. Aliondoa mguu kwenye pedali, akashika ukingo wa meza. Mbali kabisa, mbali kuliko siku zote, alimsikia dereva akipunguza gia. Lori lilifika polepole, likakata kushoto, likaenda zake.

Likaja la pili. Likapunguza mbali. Likaja basi. Gari la nne hakulisikia likija. Alikuwa kwenye mkono wa gauni, mshono mrefu ulionyooka, na mguu wake ulikuwa unakwenda tu.

Sauti ya Bibi ilitoka chumbani, ya mtu aliyeamshwa.

"Wewe mkwe, hicho cherehani leo mbona hakinyamazi? Watu tumelala!"